Mstari wa Mwisho wa Sala

Kwa ajili ya riwaya yake, Sikudhani alitunga lugha nzima ambayo hakuwahi kumsomea mtu. Asubuhi moja aliandika kwa lugha hiyo sala ya kumwita mungu wa kike aliyembuni mwenyewe, akakwama kwenye mstari wa mwisho. Akaisoma kwa sauti ili apate mdundo wake.

Kutoka chumba cha pili, mama yake, aliyepooza na kunyamaza kwa miaka miwili, aliimalizia.

Sikudhani alikimbilia kitandani. "Mama, maneno hayo umeyatoa wapi?"

"Tulikatazwa kuyasema, mwanangu," mama akajibu kwa Kiswahili, taratibu. "Sasa tumeshamwita."

Kisha akajisogeza polepole hadi ukutani, akainua shuka, akampisha mtu nafasi ya kulala.