Mgeni wa Mtoto

Siku hizi mtu ana haki ya kuishi pale tu kitovu chake kilipozikwa. Kwingine kote ni mgeni, na mgeni lazima awe na mwenyeji.

Mimba yangu ilikuwa ya miezi minane. Mama alikuwa ameshachimba kijishimo chini ya mkomamanga nyuma ya jiko letu, hapa Pangani, kando ya kitovu changu. Bahari ilikuwa hatua nne kutoka hapo.

"Jifungue kwanza, mwanangu, ndipo mhame," alisema.

"Mji huu unazama, mama," mume wangu Makame akamjibu kwa upole. "Akizaliwa Njombe, kule milimani, atakuwa na kwao. Akizaliwa hapa atakuwa kama sisi."

Niliutamani udongo wa chini ya ule mkomamanga hadi mate yakanijaa. Nikachota udongo wa kijishimo kile, nikaula wote uliokuwa kiganjani, kisha nikajaza fomu ya kuhamia Njombe.

Jina la mwenyeji: mtoto, hajazaliwa. Wageni wake: mama na baba.

Mama alikuwa akisoma nyuma ya bega langu.

"Na mgeni," akauliza, "naye huruhusiwa kuja na mgeni wake?"