Sikukuuliza Kama Unavumilia

"Inauma kiasi gani?" aliuliza tabibu wa tiba ya Kichina, vidole vyake vikisikiliza mshipa kwenye kifundo cha mkono wa fundi cherehani aliyelala kitandani.

"Navumilia tu, mama."

"Mwanangu, sikukuuliza kama unavumilia."

Tangu avunje ungo, fundi aliambiwa maumivu hayo ni mambo ya kike, akizaa yatakwisha. Daktari mmoja alimcheka waziwazi. Mpaka leo anaikumbuka rangi ya tai yake. Hata ilipojulikana ni endometriosisi, ugonjwa wa utando wa mji wa mimba kuota nje yake, wifi yake, huyu aliyeketi hapa kumsindikiza, aliendelea kumwita Bibi Visingizio.

"Ni kama mtu ananifumua kwa wembe," akasema, "mshono baada ya mshono."

"Nakuamini. Hospitali usiiache, sindano hizi zitakupunguzia tu maumivu."

Tabibu akamchoma sindano nyembamba kama unywele juu ya kifundo cha mguu. Akawasha msokoto wa majani makavu ya dawa, akausogeza karibu na kitovu. Joto likazama, na tumbo lililojikunja kama ngumi likaanza kulegea.

"Asante kwa kuniuliza," fundi alinong'ona, machozi yakimtiririkia masikioni.

Wifi akasimama, akajongea kitandani.

"Mama, nifundishe kuushika huo msokoto. Nyumbani nitamshikia mimi."