Behewa la Mgeni

Sebule yote ya Bwana Shomvi ilikuwa reli: madaraja ya njiti, stesheni zenye taa, mlima wa udongo uliotobolewa katikati. Wageni wake, wote wapenzi wa treni ndogo, waliizunguka meza kubwa na kuisahau chai yao. Siwema alibaki mlangoni, mkononi ana behewa alilolitengeneza kwa kopo la samaki. Mwaka mzima hakuwa amemwonyesha mtu yeyote.

"Behewa la mgeni mpya hukaa mbele, nyuma tu ya injini," alisema Bwana Shomvi, akalichukua na kulifunga. "Ndiyo heshima ya nyumba hii."

Siwema aliiona hatari. Behewa lake lilikuwa jepesi mno. Yale mazito ya nyuma yangelivuta mpaka lianguke kwenye kona. Likianguka, alijijua, asingerudi tena hapa. Lakini nani amkosoe mwenye nyumba mbele za watu?

"Samahani, Baba," sauti ikamtoka. "Naomba liwe la mwisho. Huko mbele litaanguka."

"Lo! Mgeni kaja na masharti!" mgeni mmoja akacheka.

Bwana Shomvi alilifungua behewa, akalipima kiganjani. "Kasema kweli. Nilishika heshima, nikasahau uzito." Akalifunga mkiani, kisha akamkabidhi Siwema swichi. "Endesha mwenyewe, mwanangu."

Treni ikaondoka. Ilipofika kwenye kona, behewa la kopo liliinama, na watu wote mezani wakainama nalo, bega kwa bega, wamebana pumzi.