Jumapili Mchana kwa Siegmar

Ortwin alitandaza karatasi nne kando ya sahani yake ya nyama na madonge ya viazi, akamwita mwenye mgahawa.

"Mjomba Siegmar, vua aproni ukae. Leo nataka unisomee."

Siegmar Pohl hakuwa mjomba wake wa damu. Lakini tangu baba yake Ortwin alipotorokea Ujerumani Magharibi asirudi, Ortwin na mama yake walikula hapa kila Jumapili mchana, meza ileile karibu na jiko. Siegmar alipika, mkewe Roswitha aliandaa, mama mkwe alimimina bia. Katika mji mzima wa Erfurt, Ortwin hakuwa na mahali pengine alipopaona kwao kama hapa.

"Kula kwanza, mwanangu," alisema mama yake, Bi Irmtraud. "Mchuzi unapoa."

"Upoe."

Karatasi zilitoka kwenye jalada lake. Mwaka huo, 1992, watu walikuwa wameruhusiwa kusoma yale ambayo mashushushu wa serikali iliyoanguka ya Ujerumani Mashariki waliandika juu yao. Ortwin alisoma yake Alhamisi, na tangu hapo usingizi ulimpaa.

Siegmar alivaa miwani. Alisoma mstari kwa mstari. Kila kitu kilikuwemo: siku ya safari ya kutoroka, treni ya kwenda Hungaria, mahali pa kuvukia mpaka, hata jina la Annegret, mchumba wake Ortwin.

"Nilikwambia wewe peke yako," alisema Ortwin. "Hata Mama sikumwambia. Tukakamatwa stesheni kabla hatujapanda. Miaka miwili gerezani, Mjomba! Natoka, Annegret ni mke wa mtu. Na wewe ukaniwekea sahani hapahapa, ukaniuliza kama nyama imeiva!"

Watu wa meza za jirani waliacha kutafuna. Roswitha alisimama na bakuli la kabichi mkononi.

"Siegmar, sema si wewe."

"Ni mimi," alisema Siegmar.

"Walikupa nini?" Ortwin alipaza sauti. "Maofisa wao walikuwa wateja wako. Walitishia kukufungia mgahawa?"

"Hapana." Mzee alimtupia jicho Bi Irmtraud, kisha akainamisha kichwa. "Sina la kujitetea, Ortwin."

"Yaache, mwanangu," mama yake alinong'ona. "Yamepita. Watu wanatuangalia."

"Waangalie! Wewe ulikuwa unakuja gerezani kila mwezi na keki yako, unalia mpaka askari wanakuonea huruma. Halafu unarudi hapa, huyu anakupakulia supu! Hakusongwa na kitu kooni hata siku moja?"

Siegmar alilia bila sauti, miwani ikiwa bado machoni. Ortwin alimtazama akitafuta hasira iliyomleta, akajikuta ametupwa tu, kama mtoto aliyefungiwa mlango wa kwao. Alikusanya karatasi zake. Akachukua koti la mama yake kwenye kiti, akalifungua ili amvalishe.

"Twende, Mama. Hapa hatuli tena."

Bi Irmtraud hakuinuka. Alijifuta mdomo taratibu, akakunja kitambaa, akakiweka mezani.

"Kaa chini, Ortwin," alisema. "Siegmar aliniambia unatoroka kama baba yako. Nilimwomba aende akutaje, akakataa mara mbili. Ilibidi nimpigie magoti."