Shavu la Dhauli

Jipu lilikuwa limerudi kwenye shavu la ndama. Puran, bwana mifugo, alilibonyeza kwa kidole gumba, akahisi usaha ukicheza ndani, akatamani ardhi ipasuke immeze. Hii ilikuwa mara ya tatu.

Mara ya kwanza hakushangaa. Dhauli alikuwa ndama yatima wa kunyonyeshwa chupa, mdomo wake ukionja kila kitu, na mwiba wa kilmora, kichaka cha miiba, ulimchoma shavuni huko uani. Puran alipasua, akautoa, akaosha kwa maji ya chumvi. "Siku saba tu," alijigamba, akaamuru ndama asitoke tena zizini. Hakutoka. Siku ishirini zilikuwa zimepita.

"Huyu kanishinda, mama."

"Usiseme hivyo, mwanangu," alijibu Khimuli, mwenye nyumba, akimshika ndama shingo. Vidole vyake vilikuwa na michubuko. "Kuni hizi," alisema, alipoona Puran anavitazama. "Wewe mtibu, kisha umwambie mwenyewe ulivyoona."

Mwenyewe alikuwa Hayat Singh, mumewe aliyeishi naye miaka hamsini na mbili, aliyelala chumba cha pili, amebaki mifupa mitupu na ukali. Kwa imani yao, mtu hafi vizuri bila kushika mkia wa ng'ombe wa kumvusha mto wa wafu, na ng'ombe huyo hupewa kuhani, ambaye hapokei mnyama mwenye kidonda. Mwana wa Hayat Singh alitaka kununua ndama mwingine. Mzee alikataa katakata: atavushwa na ndama yule yule aliyemlea kwa chupa kwa mkono wake mwenyewe.

Kwa hiyo alingoja. Kila asubuhi aliuliza kama shavu limepona. Akiambiwa bado, aliguna, akameza vijiko viwili vya maziwa ili afike kesho. Katika hilo mzee hakumwamini mkewe; alimwambia: "Wewe unajua nini kuhusu vidonda? Daktari ndiye aseme."

Kijiji nacho kilishaanza maneno. Mzee akikata roho kabla shavu halijapona, walisema, atabaki ng'ambo hii ya mto, na wa kulaumiwa ni Puran na kisu chake butu. Puran alikuwa halali vizuri. Kumwona mama huyu akifuta machozi kwa ncha ya ushungi, akihofia mumewe aondoke bila mkia, kulimuumiza kuliko masimango yote.

Alinyoa manyoya, akapasua upande wa chini ili usaha ushuke wenyewe. Ndama alilia.

"Nisamehe," Khimuli alimnong'oneza sikioni. "Nisamehe, mwanangu."

"Nimeshika kisu mimi, mama. Msamaha niombe mimi."

Puran aliingiza kibanio ndani ya kidonda, kikagonga kitu kigumu. Akavuta taratibu, akakifuta kwa pamba.

Mwiba wa kilmora. Kitako chake kilikuwa kimekatwa kwa kisu, na ganda lake lilikuwa bado bichi.

Khimuli alivuta ushungi, akajifunika uso wote.

"Daktari!" mzee aliita kutoka ndani, kwa sauti nyembamba. "Leo limepona?"

Puran alivitazama vidole vya mama yule vilivyochubuka, akamtazama ndama, akautia mwiba mfukoni.

"Bado, mzee wangu," aliitikia. "Bado sana. Kunywa maziwa yako."