Matanga ya Pangoni

Siku hizi kila mfupa unaochimbwa katika pango letu hutafutiwa ukoo kwa kipimo cha vinasaba, na ukoo huo sharti uukalie matanga siku saba kabla wageni hawajaruhusiwa kuutazama. Mwaka huu nimekaa matanga mara sita, na harusi ya mjukuu wangu Mwanamvua imeahirishwa mara mbili.

Jana Mwanamvua alikuwa akipakwa hina, Bwana Nyawa, msimamizi wa uchimbaji pangoni, akapiga hodi na kasha mkononi.

"Shikamoo, Bibi. Poleni kwa msiba."

"Marahaba. Msiba wa lini tena?"

"Kama miaka elfu sabini hivi."

"Elfu sabini, akashindwa kungoja Jumatatu!" Mwanamvua akafoka. "Bibi, mkatae."

"Mkimkataa atawekwa kwenye kabati la kioo bila jina la ukoo," alisema Bwana Nyawa.

Nilikuwa nimechoka mpaka mifupa yangu mwenyewe. Nikafumbua kinywa nimkatae, lakini kwanza nikataka kumwona. Akafunua kasha. Lilikuwa taya dogo, chokaa ya pango imeligandia kama uji uliomwagika, na jino moja ndiyo kwanza linachomoza.

Mwanamvua aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Alikuwa anaota meno," alisema. "Mamake hakulala huyu."

Akanyoosha mikono, hina ikiwa bado mbichi, akalipokea kasha kwa vigasha, viganja kando.

Nikatandika mkeka. "Pango limebaki kiasi gani kuchimbwa?" nilimuuliza Bwana Nyawa.

"Bado tuko mlangoni, Bibi."

Uani nikasikia maji yakimwagwa kwenye moto wa pilau ya harusi.