Viatu vya Kapteni Lemuel

Kapteni Lemuel, mgombea, aliketi nje ya jengo la mahakama, pale Virginia ya zamani, wapiga kura wakipita mmoja mmoja. Desturi yao ilikuwa kumtaja kwa sauti unayemtaka, naye husimama akakuinamia kukushukuru.

Siku hiyo alivaa makusudi viatu vyake vya vitani, watu wasije wakasahau kuwa alipigana.

Akafika mzee mshona viatu. Mwanawe alikufa kwenye theluji, katika kikosi cha Kapteni, na Kapteni mwenyewe ndiye aliyempa pole: kijana amezikwa vizuri, pamoja na kila kilicho chake.

Mzee hakumtazama usoni. Alitazama visigino, penye uzi mwekundu ambao hakuna fundi mwingine aliyeutumia ila yeye.

"Taja jina, babu, pombe inatuita!" mtu akapaza sauti. Watu wakacheka.

"Kwanza kitendawili, Kapteni."

"Tega, mzee wangu," Lemuel akasema, akitabasamu.

"Mapacha wangu waliondoka na mwanangu kwenda vitani. Mwanangu amebaki kwenye theluji. Wao wamerudi."

Lemuel akatazama chini, miguuni pake. Tabasamu likamkauka.

"Haya, mzee, kura unampa nani?" akauliza msimamizi wa uchaguzi.

"Lemuel," mzee akasema, wote wakasikia. "Mwanangu alimpenda sana."

Kapteni akasimama, maana desturi ni desturi. Akainama kushukuru, wala hakuinuka. Watu wakangoja. Vidole vyake vilikuwa vikihangaika na kamba za viatu, na fundo lilikataa kufunguka.